Uzi wa dinari za Roma zenye sura za wake wa makaisari: umbea wote uko upande wa nyuma

Sarafu_za_Kale:

Wakuu habari zenu. Humu jukwaani nyuzi za senti yenye tundu na rupia ya Mjerumani zimejaa tele, ila sarafu za Roma naona hakuna anayezigusa, na mimi huo ndio ugonjwa wangu. Leo naleta kipande kimoja tu cha huo ugonjwa, dinari za silva zenye kichwa cha mwanamke mbele na mungu wa kike nyuma.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, dinari ni kasarafu kadogo, upana milimita 18 au 19 hivi, uzito gramu 3 na ushee, ukikashika kiganjani unaweza hata ukakasahau. Wale wa Jumapili mnakajua, ndiko alikoletewa Yesu akauliza sura hii ya nani, na ndiko walikolipwa vibarua wa shamba la mizabibu kwa kutwa. Roma walianza kuigonga kwenye mwaka 211 kabla ya Kristo wakiwa kwenye vita na Hannibal, jemadari wa Carthage, ikaenda mpaka karne ya 3 baada ya Kristo ilipojifia yenyewe.

Sasa watu wengi wakiipata wanaangalia uso tu, nani mzuri, nani ana pua, nani kasukwaje. Mimi nasema igeuze. Huyo mungu aliyekaa nyuma sio pambo, ni tangazo la ikulu kuhusu huyo mama, kwamba ametulia, amezaa, anapendwa na jeshi, amefariki sasa yuko mbinguni. Na kwa uzoefu wangu mara nyingi jambo likikosekana ndani ya nyumba ndilo linapigiwa debe kwenye sarafu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Plautilla. Mwaka 202 Kaisari Septimius Severus alimwozesha mwanae Caracalla kwa binti wa Plautianus, mkuu wa walinzi wa ikulu, jamaa yake wa nyumbani kulekule Leptis Magna, Libya ya leo. Caracalla alikuwa kijana wa miaka 14 hivi na hakumtaka yule binti kabisa, mwanahistoria Herodian ameandika kwamba hakutaka kula naye wala kulala naye. Haya geuza dinari za Plautilla sasa. Moja imeandikwa CONCORDIAE AETERNAE, maelewano ya milele, bwana na bibi wameshikana mikono. Nyingine ni hiyohiyo mikono imeshikwa ila maneno yanasema PROPAGO IMPERI, yaani uzao wa kuendeleza dola. Uzao gani na watu hawali meza moja? Mwaka 205 baba mtu akauawa, binti akafukuzwa akapelekwa kisiwa cha Lipari, na Severus alipofariki 211 Caracalla akaagiza amalizwe hukohuko.

Naendelea, nipeni dakika nichaji simu.

Mkaa_Baraza:

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Maelewano ya milele halafu miaka mitatu chali 😂😂

Mama Zuu:

Mkuu hii ni nondo. Swali, hao akina mama walikuwa na mamlaka ya kujigongea sarafu zao au ni waume zao ndo walikuwa wanawaweka? maana naona kama unasema "dinari za Plautilla" utadhani alikuwa na kiwanda chake

Sarafu_za_Kale:

Dada Mama Zuu swali zuri. Hapana, kiwanda kilikuwa cha Kaisari na yeye au watu wake ndio walioamua nani atokee. Mwanamke alikuwa anapewa cheo cha Augusta, cheo cha heshima cha mama wa ikulu, na baada ya hapo mara nyingi sarafu zinafuata. Ila usidhani wote walikuwa maua ya mezani, na ushahidi uko hapohapo kwenye silva.

Chukua Agrippina mama yake Nero. Mumewe Kaisari Claudius alipokufa Oktoba 54 (watu wengi wakasema uyoga wa mkewe ndio ulimmaliza) Nero akakaa kwenye kiti akiwa na miaka 16. Dinari ya kwanza kabisa, mama na mwana wanatazamana uso kwa uso, vichwa sawa, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Lakini soma maandishi. Jina linalozunguka hivyo vichwa ni la mama, AGRIPP AVG DIVI CLAVD NERONIS CAES MATER, yaani Agrippina Augusta, wa marehemu Claudius aliyefanywa mungu, mama wa Kaisari Nero. Jina la Kaisari mwenyewe limesukumwa nyuma likazunguka shada la majani ya mwaloni. Nchi nzima inashika hela na upande wa heshima umeandikwa jina la mama mtu!

Mwaka unaofuata, 55, gonga nyingine. Vichwa havitazamani tena, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, Nero mbele mama nyuma, na majina yamebadilishana pande, la kijana limehamia mbele la mama limeenda mgongoni. Baada ya hapo mama haonekani tena kwenye hela za Roma. Mwaka 59 mwanae akamtengenezea jahazi la kubomoka lenyewe baharini, bi mkubwa akaogelea akafika nchi kavu, wakatumwa askari wakamfuata nyumbani kwake. Ukiweka hizo sarafu mbili mezani moja pembeni ya nyingine unaona kabisa mtu anavyoshushwa, na wala huhitaji kuambiwa na mwanahistoria.

Mpita_Njia:

Cleopatra yupo? au yule ni wa filamu tu

Sarafu_za_Kale:

Yupo mkuu, tena kwenye dinari halali ya Kirumi, ya mwaka 32 kabla ya Kristo. Upande mmoja Mark Antony, jemadari wa Kirumi na mpenzi wa Cleopatra, nyuma ya kichwa chake kuna kofia ya wafalme wa Armenia na maneno yanajisifu kwamba Armenia imepigwa. Geuza, yuko Cleopatra na utepe wake mwembamba wa kifalme kichwani, mbele ya kifua kuna omo ya meli, na maandishi CLEOPATRAE REGINAE REGVM FILIORVM REGVM, ya Cleopatra malkia wa wafalme na wanawe walio wafalme. Huyo mama kwenye hii sarafu sio wa filamu, pua imeshuka, kidevu kimetokeza, shingo imeshiba, uso wa mtu anayehesabu hela zake mwenyewe. Wengine wanasema mchongaji alimfananisha na Antony makusudi waonekane kitu kimoja.

Fikiria askari wa Kirumi analipwa mshahara hela imebeba sura ya malkia wa Misri. Octavian, mpinzani wa Antony, kule Roma alikuwa anatafuta sababu ya vita, na vita alipoitangaza mwaka huohuo alimtangazia Cleopatra, sio Antony. Mwaka uliofuata wakapigwa kwenye vita vya baharini vya Actium, kwisha habari.

Fundi_Silva:

Mm nafanya kazi ya usonara, naomba kuuliza kitaalamu. Iyo silva ni safi kiasi gani? na walikuwa wanazipigaje maana naziona kwny picha ziko upande upande, zingine herufi zimekatika, zingine zina nyufa pembeni

Sarafu_za_Kale:

Fundi karibu, wewe ndiye mtu wangu.

Kugonga kwanza. Kipande cha silva cha mviringo kinapashwa moto, chapa ya chini imezamishwa kwenye fuawe, chapa ya juu fundi kaishika kwa mkono, kipande kinawekwa katikati, nyundo inashuka. Basi. Kikikaa vibaya kidogo herufi zinaangukia nje, silva ikiwa imepoa au ngumu pembeni panapasuka, na kwa sababu zote zilipigwa hivyo hakuna mbili zinazofanana kabisa. Kuna dinari moja tamu sana ya T. Carisius ya mwaka 46 kabla ya Kristo, mbele kuna kichwa cha Juno Moneta ambaye kiwanda kilikuwa karibu na hekalu lake pale mlima wa Kapitolio, nyuma kuna vifaa vyenu vyenyewe, fuawe, koleo na nyundo. Sarafu inayoonyesha ilivyotengenezwa. Ukipata hata picha yake iprinti uibandike dukani.

Usafi sasa. Mwanzoni ilikuwa silva karibu tupu. Nero mwaka 64 ndio akaanza mchezo, akaipunguza uzito (zamani ratili moja ya Kirumi ilikuwa inatoa dinari 84 yeye akaikamua zikatoka 96) na silva yenyewe akaichanganya. Wakaja wengine wakachanganya kidogo kidogo, Septimius Severus kwenye mwaka 194, 195 akaishusha mpaka nusu kwa nusu hivi, maana aliwaongeza askari mshahara na hela lazima itoke mahali. Mwanae Caracalla mwaka 215 akaleta sarafu mpya kubwa kidogo ambayo siku hizi tunaiita antoninianus, wataalamu wengi wanaona ilitembea kwa thamani ya dinari 2 lakini silva iliyomo ni ya dinari moja na nusu tu. Na hapo ndio kuna alama nzuri ya kutambua: Kaisari akiwa kwenye hiyo sarafu anavaa taji la miale ya jua, mkewe anakalishwa juu ya hilali, mwezi mwandamo uko chini ya mabega yake. Ukiona mama amekaa juu ya mwezi jua hiyo ni antoninianus sio dinari. Ukifika kwa Salonina mke wa Gallienus, miaka ya 260, silva imebaki asilimia chache, nyingi ni shaba iliyopakwa silva kidogo usoni.

Na za kuchovya zilikuwepo tangu zamani fundi, msidhani mmeanza nyinyi 😂 shaba ndani, ngozi ya silva juu. Zikikwaruzwa au zikila chumvi ya ardhini ile ngozi inabanduka unaona wekundu.

Fundi_Silva:

Hahaha nimepigwa na kitu kizito. Asante mkuu nmekuelewa sana

Kidawa99:

Me nimekuja kwa ajili ya nywele tu, yule uliyemuweka kwenye picha ya uzi ni nani na ile ni wigi au nywele zake??

Sarafu_za_Kale:

Huyo ni Julia Domna, Kidawa. Mwenyeji wa Emesa, Homs ya Syria ya leo, mke wa yuleyule Septimius Severus, na mama mkwe wa Plautilla wetu wa hapo juu. Nywele zimegawanywa katikati, mawimbi yameshuka mpaka yamefunika masikio, nyuma kuna fundo kubwa bapa. Wataalamu wengi wanaamini ni wigi kwa sababu kwenye baadhi ya sanamu zake za marumaru kuna kinyweleo chembamba kimechungulia shavuni kutoka chini ya lile zigo, yaani mchongaji hakutaka kuficha kitu.

Kusema kweli ukitaka kujifunza hizi sarafu anza na nywele, ndizo kalenda. Sabina mke wa Hadrian ana mtindo wake, Faustina Mkubwa mke wa Kaisari Antoninus Pius anazikusanya utosini na mikanda ya lulu, binti yake Faustina Mdogo anashusha fundo kisogoni na anabadilishabadilisha mitindo, kuna mtafiti aliyejaribu kupanga hiyo mitindo ifuatane na watoto anaozaa. Na ana watoto huyo mama, wasiopungua 12.

Ila Domna nisimwache juujuu. Dinari zake za mwanzo, 193 mpaka 196, zimeandikwa IVLIA DOMNA AVG, na nyuma kuna VENERI VICTR. Hapo Venus, mungu wa mapenzi, amekugeuzia mgongo. Amesimama kaegemea nguzo fupi, nguo imeteremka mpaka chini ya makalio, mkono mmoja ameshika tufaha mwingine tawi la mtende. Tufaha ni lile alilopewa aliposhinda mashindano ya urembo dhidi ya Juno na Minerva, mtende ni wa ushindi wa vita, na mumewe wakati huo yuko vitani kweli, anapigana na Pescennius Niger, mpinzani wake wa kiti, huko mashariki alikotoka mkewe. Kwa hiyo usiangalie makalio ukaishia hapo (najua wengine mmeishia hapo), hiyo ni taarifa ya habari ya vita.

Baadaye jina linakuwa IVLIA AVGVSTA, lile la kwao linaondoka kwenye hela, na miungu inaongezeka, Juno na tausi wake, Vesta, Mama wa Miungu kazungukwa na simba, hata Isis wa Misri anamnyonyesha mtoto huku mguu kaukanyagisha omo ya meli. Mume akifariki anakuwa IVLIA PIA FELIX AVG, mcha Mungu mwenye heri. Heri! Mwisho wa 211 Caracalla alimwita mdogo wake Geta wapatanishwe mbele ya mama, wakamchoma visu akiwa mikononi mwa huyohuyo mama, na mwanahistoria Dio Cassius anasema alikatazwa hata kulia. Miaka sita mbele hela zinatoka zimeandikwa mwenye heri. Caracalla alipouawa 217 mama akagoma kula akafa.

Kidawa99:

Jamani 😭 nilikuja kuangalia wigi tu

Mwl_wa_Zamu:

Ndugu mleta uzi, andiko zuri ila ngoja nikupinge kidogo. Unasema kila linalotangazwa ndilo linalokosekana. Vipi Faustina Mkubwa? Antoninus Pius alimpenda mkewe kweli, kila mwanahistoria anakiri. Na Faustina Mdogo umesema mwenyewe alizaa watoto wengi, sasa sarafu ikiandika uzazi hapo uongo uko wapi? Naona unalazimisha umbea.

Sarafu_za_Kale:

Mwalimu shikamoo. Nilisema mara nyingi, sijasema kila mara, na hao wawili umewachagua vizuri maana ndio wenye sarafu zinazosema kweli.

Faustina Mkubwa alifariki 140, miaka miwili tu na kitu tangu mumewe ashike kiti. Mumewe akamfanya mungu, DIVA FAVSTINA, halafu akaendelea kugonga hela za marehemu mkewe mpaka yeye mwenyewe anafariki 161. Miaka 20! Ndio maana ukienda sokoni za marehemu zimejaa na za uhai wake ni chache. Nyuma wameweka AETERNITAS, umilele, au Ceres, mungu wa nafaka, na masuke na mwenge wake, au tausi ambaye ndiye anayembeba mama wa kifalme kwenda mbinguni (waume wanabebwa na tai). Na moja adimu sana imeandikwa PVELLAE FAVSTINIANAE, mabinti wa Faustina, ni wale wasichana wa familia maskini ambao Antoninus aliwawekea mfuko wa matunzo kwa jina la mkewe. Hekalu lake mpaka leo lipo uwanja wa kale pale Roma, liligeuzwa kanisa la San Lorenzo in Miranda, mlango wa kanisa unaning'inia juu juu kwa sababu ulipowekwa ardhi ilikuwa imejaa kifusi mpaka huko.

Binti yake Faustina Mdogo ana kituko kingine. Alipewa u-Augusta mwaka 147 baada ya kuzaa mtoto wa kwanza, wakati mumewe Marcus Aurelius bado ni Kaisari mdogo tu anayesubiri zamu, alikuja kuwa Augustus, yaani kaisari kamili, 161. Miaka zaidi ya 13 mke ana cheo ambacho mume hana. Halafu Agosti 161 akazaa mapacha wa kiume na zikatoka dinari za SAECVLI FELICIT, heri ya zama. Hii itazame kwa karibu. Hakuna mungu wala mtu, ni kiti kikubwa cha kifalme kimefunikwa kitambaa na juu yake vitoto viwili vimekaa tu, vimetazamana, kila kimoja na nyota juu ya kichwa kwenye zile zilizotunzika vizuri. Pacha mmoja alikufa mdogo. Aliyebaki ni Commodus, aliyekuja kuwa kaisari katili. Kwa hiyo uzazi ulikuwa kweli mwalimu, ila hiyo heri ya zama nakuachia wewe uipime.

Na kama ni mtoto na nyota, ya Domitia mke wa Kaisari Domitian ndiyo inayoniuma. Walifiwa na mtoto wao wa kiume, nyuma wakaandika DIVVS CAESAR IMP DOMITIANI F, katoto kako uchi, kamekaa juu ya tufe la dunia, mikono kameinyoosha, nyota saba zimekazunguka. Hapo hata mimi nakaa kimya.

Mwl_wa_Zamu:

Marahaba. Hapo nimekuelewa, hoja ya Ceres na tausi imekaa vizuri. Ila bado nasema Plautilla ulimchagua makusudi.

Sarafu_za_Kale:

Mwalimu basi nikuongezee wengine usiseme nimechagua mmoja. Kaisari Elagabalus alioa bikira wa Vesta, yaani kuhani wa mungu wa moto wa nyumbani, Aquilia Severa, na hao mabinti walikuwa wanaapa miaka 30 bila mwanaume, akivunja kiapo anazikwa hai. Mji mzima ulishika vichwa. Geuza dinari yake: CONCORDIA, maelewano. Maelewano ya nani na nani?

Au Orbiana, mke wa Kaisari Severus Alexander, ameolewa 225 sarafu zake zinasema CONCORDIA AVGG, zile G mbili maana yake ni ya wakubwa zaidi ya mmoja, ikulu nzima wanaelewana. Mama mkwe Julia Mamaea alikuwa hataki kusikia mwanamke mwingine anaitwa Augusta ndani ya nyumba ile. Ndani ya miaka miwili baba wa binti ameuawa, binti amefukuzwa Libya, mume anampenda lakini hathubutu kumjibu mama. Akina dada mliopo kwenye ndoa zenye mama mkwe wa hivyo mnisamehe.

Mama Zuu:

Usiniguse 😂😂😂 hiyo Concordia nimeiona kwa macho

NahodhaMstaafu:

Wajukuu, je hizi pesa zilifika huku pwani yetu? Maana Warumi walifanya biashara bahari ya Hindi, hilo tulisoma.

Sarafu_za_Kale:

Shikamoo mzee. Kuna kile kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, Periplus, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri wa wakati wa Warumi. Anaeleza pwani yetu mpaka bandari ya Rhapta, anataja pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa vinavyotoka, na vinavyoingia ni mikuki iliyotengenezwa Muza huko Yemen, mashoka, visu, misharasi na vitu vya kioo. Pesa haitaji kwa Rhapta. Anazitaja juu zaidi, kule Malao ambako wengi wanaona ndio Berbera, tena anasema sio nyingi, na akifika Barygaza huko Gujarat ndio anasema dinari za dhahabu na silva zinabadilishwa kwa faida. Kusini mwa India zimefukuliwa vibubu kwa vibubu vya dinari, nyingi za Augustus na Tiberius. Na hizo za Tiberius nyuma kuna mwanamke amekaa kwenye kiti ameshika fimbo na tawi, wengi wanaamini ni Livia mama yake kavishwa umungu wa Amani. Kwa hiyo mzee kama kuna mama wa Kirumi aliyesafiri bahari yetu hii ni huyo.

NahodhaMstaafu:

Marahaba mjukuu. Muza ni hapo karibu na Mokha, tulikuwa tunapita.

mtoto_wa_getini:

Zinauzwa bei gani hizo?? mjomba wangu ana moja alinunua alipoenda kutembea Ulaya kwa muuza mtaani karibu na magofu, ya mwanamke pia, anasema ni mali nzito, anataka tafuta mteja wa mamilioni kama zile rupia

Sarafu_za_Kale:

Mtoto wa getini mwambie mjomba asijenge nyumba kichwani kwanza. Mambo yale ya rupia na "mali ya Mjerumani" yamemaliza watu huku nyumbani, na kwa sarafu za Roma ni hivyohivyo. Dinari ya kawaida ya Faustina au Julia Domna iliyochakaa kiasi inanunulika kwa bei ya chini ya simu janja ya kawaida. Zilitengenezwa nyingi mno mkuu. Mwaka 1929 huko Reka Devnia, Bulgaria, ilifukuliwa hazina moja ya sarafu zaidi ya 100,000, karibu zote dinari, na wataalamu mpaka leo wanaitumia kupima nani ni wa kawaida nani ni adimu. Adimu ni kama Manlia Scantilla na bintiye Didia Clara, mume mtu Didius Julianus aliununua ukaisari kwa walinzi mwaka 193 akakaa siku 66 akauawa, hizo siku ndizo pekee sarafu zao ziligongwa. Ile ya Cleopatra nayo ikiwa nzuri ni hela ya gari.

Ya mjomba angalia hivi. Pembeni zungusha taratibu, ukiona mshono hiyo imemiminwa kwenye kalibu. Uso ukiwa na vitundu vidogo vya hewa na herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika, imemiminwa. Pima, ikiwa na gramu 5 na inajiita dinari achana nayo. Wale wauzaji wa magofuni hawauzi oriji, na wakiuza oriji ni kesi, maana Italia na Uturuki kutoa vitu vya kale nchini bila kibali ni kosa la jinai. Ukitaka kununua nunua kwa muuzaji mwenye karatasi zinazoonyesha sarafu ilitoka wapi na ilipita kwa nani, hakuna karatasi usitoe hela hata kama mama wa kwenye sarafu anakukonyeza.

mtoto_wa_getini:

Ina mshono 💔

Mkaa_Baraza:

Pole kwa mjomba 😂 Mkuu kabla hujafunga, nani ana sarafu ya umbea kuliko wote? nipe mmoja nikaiseme barazani jioni

Sarafu_za_Kale:

Crispina, mke wa Commodus. Hakuna mtoto wao anayejulikana. Dinari yake moja geuza, hamna mungu, hamna mtu, ni madhabahu tupu yenye moto na maneno DIS GENITALIBVS, kwa miungu ya uzazi. Yaani ikulu imeomba mtoto kwenye hela, kila muuza mboga Roma anajua mama anatafuta. Hakupata, akatuhumiwa uzinzi, akapelekwa kisiwa cha Capri akauawa. Na ukifika barazani usisahau kuwaambia kwamba kisiwa hichohicho ndiko alikopelekwa na kuuawa wifi yake Lucilla, yule aliyepanga njama ya kumuua mdogo wake Commodus mwaka 182. Na Lucilla dinari zake zipo nyingi tu, nyingine nyuma imeandikwa CONCORDIA.

Picha zingine naweka usiku bando likishuka bei.